Mkuu, simamisha kwanza hicho kisima

Una kiwanda kidogo cha kukamua mawese Uvinza, unataka utenge asilimia 2 ya faida uwachimbie wanakijiji kisima, upige picha na hundi kubwa ya boksi, halafu unauliza mauzo yatapanda lini na TRA watakuachia kodi kiasi gani. Simamisha, mkuu. Nakuomba.

Hiyo asilimia 2 kakupa mshauri, sivyo? Ni sheria ya India ya 2013, tena ya makampuni makubwa. Hapa wanaobanwa ni watu kama wenye migodi: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 ni lazima wakubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa asali kwenye kampuni moja huku Tabora, mzigo tunautoa Sikonge. Akaletwa mshauri na slaidi zake: chimbeni kisima, wanakijiji watawapenda, asali itakuja yenyewe. Kijijini hakukanyaga! Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Kikachimbwa, pampu ya dizeli, bango lenye nembo ya kampuni. Jumuiya ya watumia maji haikuundwa, RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, hawakuitwa, na hela ya dizeli hakuna aliyechanga, maana bango linasema kisima ni cha kampuni. Pampu ilipokufa, akina mama walitufuata na ndoo tupu mpaka kwenye mizani, tunapima asali, wanadai maji yao. Msimu uleule wafugaji nyuki wakawauzia walanguzi. Tungewalaumu kwa lipi?

Na kilio chao kilikuwa vyombo, miaka yote. Asali inawekwa kwenye madumu yaliyobeba mafuta, inashika harufu. Nyingine imerinwa masega hayajazibwa, maji yanapita asilimia 20 ambayo ndiyo kikomo cha soko la nje, tunaikataa, mtu anarudi nayo kichwani. Ndoo safi zenye mifuniko na kipima unyevu kimoja vingewapa hela wao na kutupa mzigo sisi, kwa gharama ndogo kuliko ile pampu.

Kwa hiyo anza na kile unachonunua. Wakulima wako wengi bado wana michikichi ya kienyeji, kokwa nene, mafuta kiduchu. TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapohapo Kigoma na mbegu ya Tenera, chotara yenye kokwa nyembamba na mafuta mengi. Wapelekee miche, na ukinunua chikichi zao uwalipe palepale mizanini, uwe mvumilivu miaka kama 3 mpaka ianze kuzaa. Wiki hii kaa nao shambani, bila kamera na bila mshauri, wakwambie kinachowakwamisha.