Kabla Hujauza Nyumba ya Tandale

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu usiku, saa tatu imeshapita. "Shikamoo kaka. Yule dalali karudi kwa mama. Safari hii kaja na tajiri mwenyewe, wameegesha gari kule barabarani, wakaingia kwa miguu mpaka uani. Wamepima kwa hatua." Nikamuuliza wamepima nini. "Nyumba yetu. Na ya jirani." Kisha akasema neno lililonikosesha usingizi: "Tuuze tu kaka, tutoke kwenye hili jina."

Hili jina ni Tandale, mtaa wetu wa uswahilini Dar es Salaam. Na mimi wa kumlaumu siye, kwa sababu miaka yote ya chuo nilikuwa nasema naishi Sinza, mtaa wa jirani wenye heshima. Sikuwa peke yangu. Sinza ile ya mdomoni ina watu wengi kuliko ile ya kwenye ramani, maana nusu yao wanalala Tandale na Manzese. Ukisema Sinza, msichana anaendelea kuongea na wewe. Ukisema Tandale kwa Mtogole, anaivuta pochi yake karibu kidogo, hata kama hakukusudia. Siku ya usaili wangu wa kwanza wa kazi, mzee mmoja aliyekuwa anasoma fomu yangu alicheka: "Tandale? Utafika kazini na simu yako kweli?" Nilicheka naye. Kazi nilipata, lakini kile kicheko changu nakijutia mpaka leo.

Sitaki mtu adhani nawatetea kwetu kwa upofu. Vibaka wapo. Uwanja wa Fisi, eneo la huku kwetu lenye sifa mbaya, haukupewa jina hilo na maadui. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, sisi wa Kinondoni ya uswahilini ndio tuliokuwa wa mwanzo kuhara, na kila aliyekulia huko anajua kwa nini: mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna watu wanatapisha vyoo, maji ya mvua yabebe. Asubuhi watoto wanachezea mfereji uleule. Hayo ni ya kweli, nimeyaona na miguu yangu imeyakanyaga.

Ninachotaka kukwambia wewe mwenye nyumba, au mtoto wa mwenye nyumba, ni hiki: sifa mbaya ya mtaa wako ina bei, na anayekuja kununua anaijua hiyo bei kuliko wewe. Anakununulia kwa jina. Akishanunua, anauza kwa ukaribu na mjini. Kutoka Tandale mpaka Kariakoo ni mwendo mfupi wa daladala, na hakuna aliyewahi kuhamisha Kariakoo.

Hili nilijifunza kwa mjomba wangu. Alikuwa na nyumba Manzese, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati, si mbali na Barabara ya Morogoro. Mwaka 2012 kulikuwa na vumbi, mashine na kelele za ujenzi wa njia ya mabasi. Wapangaji walilalamika, wawili wakahama. Mjomba alikuwa amechoka. Kila akienda kwa wakwe zake Moshi anaulizwa Manzese anaishije. Akaja mtu akampa milioni 45, taslimu, kwenye mfuko wa kaki. Mjomba aliona amemtapeli mtu wa watu. Mei 2016 mwendokasi, yale mabasi ya haraka, ukaanza kutembea. Leo pale alipokuwa anaweka mkeka wa kuswalia kuna fremu za maduka. Mjomba yuko Chanika, anaamka saa kumi alfajiri ili awahi mjini, na nyumba yake ya Chanika ni nzuri kweli, ina hadi maua, ila anaiona gizani tu.

Hakutapeliwa. Hilo ndilo linaloniuma. Aliuza kwa hiari, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na bei ile aliitaja akiwa na aibu.

Kuna jambo wazee wa Manzese wanalikumbuka na vijana hatulijui. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikuwa na mpango mmoja wenye mikono miwili. Mkono mmoja ulipima viwanja vipya na kuviwekea huduma: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Mkono wa pili uliboresha makazi yaliyokwishajengwa bila ramani, na Manzese ndiyo iliyokuwa mfano mkubwa: ikapata barabara, maji, taa. Baada ya hapo ufuatiliaji ukalegea, nyumba zikazidi kubanana, mifereji ikaziba. Sinza ikabaki na viwanja vyake na heshima yake. Kwa hiyo tofauti ya Sinza na sisi ilianzia kwenye kamba ya mpimaji, na tabia za watu zilikuja kusingiziwa baadaye. Ningelijua hili nikiwa chuo, labda ningesema Tandale.

Sasa tuje kwenye mambo ya kushika mkononi.

La kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo, ni mirathi. Zunguka Tandale uulize nyumba hii ya nani. Utajibiwa "ya marehemu babu". Babu kafa miaka 20 iliyopita, watoto wake 7, wawili nao wamekufa wakaacha watoto, mmoja yuko Muscat, mmoja anaishi chumba cha uani na ndiye anayekusanya kodi. Hakuna aliyewahi kwenda mahakamani. Dalali anaipenda sana nyumba ya namna hii. Anamtafuta yule mmoja mwenye shida, anampa kishika uchumba, anamwandikisha karatasi, na ugomvi ukianza bei inaporomoka kwa sababu kila mtu sasa anataka chake aondoke. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigawana pesa ndani ya bajaji bila kusalimiana.

Dawa yake haina ugumu wa kutisha. Mnakaa kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari na kupendekeza msimamizi wa mirathi, mnachukua cheti cha kifo, mnakwenda mahakamani. Kwa familia nyingi za kwetu Mahakama ya Mwanzo inatosha. Tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi anapewa nafasi, msimamizi anateuliwa. Kabla ya hapo hakuna mtu kwenye familia mwenye mamlaka ya kuuza, hata awe kaka mkubwa mwenye sauti nzito. Na kama mwenye nyumba yu hai na ana mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Wake za watu wengi Tandale hawajui hilo. Waume wanajua.

Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa mnayo, vizuri, itunzeni. Ni ushahidi kwamba mlinunua, lakini hati miliki haijawa. Wengine mna leseni ya makazi, zile zilizoanza kutolewa Dar es Salaam kuanzia 2004. Ile nayo ina ukomo. Sheria hairuhusu izidi miaka 5 bila kuhuishwa. Kaitoe kabatini uitazame tarehe. Urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja vilivyojengwa bila ramani, ukipita mtaani kwenu, usiwe yule anayekataa jiwe la mpaka kuwekwa kwa sababu ya futi mbili za uchochoro. Hizo futi mbili zikibaki njia, gari la zimamoto linapita na thamani ya nyumba yako inapanda. Ukizijengea banda la kuku, utakula mayai.

Sasa, wengi wanachanganya anayenunua na anayetwaa. Serikali ikilitaka eneo lako kwa mradi, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Si bei ya kuta peke yake. Kuna thamani ya soko ya ardhi na jengo, kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na kama una biashara pale, fidia ya faida uliyopoteza. Posho ya makazi hupigwa kwa kodi ya miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa shilingi 300,000 kwa mwezi, hapo peke yake ni 10,800,000. Mthamini akija, kuwepo. Mwonyeshe kisima, mwonyeshe choo, mwonyeshe mwembe, soma ulichosaini, piga picha fomu. Mama mmoja mtaani kwetu alimwachia mthamini mtoto wa darasa la tano amtembeze. Mtoto akasahau chumba cha nyuma kwa sababu kina mlango wake wa pembeni.

Lakini yule aliyekuja kwa mama na gari halazimiki na lolote kati ya hayo. Yeye ni mnunuzi kama wa nyanya. Mtakachokubaliana ndicho hicho. Kwa hiyo nyinyi ndio mjikumbushe posho ya usumbufu, nyinyi ndio mhesabu kodi ya miaka mitatu, kabla hamjataja namba. Na msikubali kuwa wa kwanza kutaja.

Kuna wanaoniambia, "Mwisho wake watatujengea maghorofa, tusubiri." Inawezekana. Watazame wenzetu wa Magomeni Kota. Kaya 644 zilihamishwa, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikabaki kitupu kikiota majani mwaka hadi mwaka. Jiwe la msingi likawekwa 2017 na Rais Magufuli, na Rais Samia akayafungua majengo Machi 2022. Yamependeza, sipingi, na waliorudi wamerudi pazuri. Ila hesabu watu waliozeeka kwenye vyumba vya kupanga Mabibo na Kigogo wakisubiri, na waliokufa. Ukiahidiwa ghorofa uliza maswali matatu ya kizamani: nitakaa wapi wakati mnajenga, nani analipa kodi ya huko, na mkichelewa inakuwaje. Kama hayajaandikwa, hayapo.

Njia nyingine ni ubia, kama walivyofanya wenye nyumba wengi Kariakoo: wewe unatoa kiwanja, mwenzako anatoa pesa, ghorofa likisimama mnagawana. Kwa eneo letu naiona ni nzuri kuliko kuuza moja kwa moja, lakini nyumba moja ya vyumba sita haina ukubwa wa kumvutia mwekezaji wa maana. Nyumba nne zilizopakana zinao. Ndiyo maana tajiri yule alipima na kwa jirani. Yeye ameshaziunganisha kichwani, sisi bado tunagombania ukuta wa choo. Mkiungana, tafuteni wakili wenu, asiwe wakili wake, na mhakikishe kila mmoja anapata hati ya sehemu yake ya jengo. Sheria ya kumilikisha sehemu za majengo ipo tangu 2008. Usikubali kupewa funguo peke yake.

Mpangaji, najua unasoma na kujiuliza wewe uko wapi kwenye haya yote. Mara nyingi huko popote. Tandale na Manzese wapangaji ndio wengi, na siku ya kuvunja wanapewa notisi na pole. Ukiwa na genge la mboga au cherehani, kata leseni, weka risiti, ili siku ya fidia uhesabiwe kama biashara. Na ukilipa kodi ya miezi sita, dai mkataba hata wa ukurasa mmoja.

Tumebaki na suala la jina, ambalo mdogo wangu analiona kama ukoma. Mimi nimeona likibadilika mbele ya macho yangu, taratibu, bila mtu kulisafisha kwa maneno. Mwaka 2011 vijana walipita na vifaa vyao vya setilaiti wakaichora Tandale yote kwenye ramani ya mtandaoni, uchochoro kwa uchochoro, hadi mabomba na madampo. Kabla ya hapo tulikuwa doa la kijivu. Baadaye, kwenye mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, zikaja barabara za lami za ndani, taa, na kuta za Mto Ng'ombe. Kodi ikapanda. Bodaboda waliokuwa wanakataa kuingia usiku sasa wanaingia, wanaongeza mia tano tu ya mazoea. Na Diamond Platnumz alipoanza kujitangaza kuwa ni mtoto wa Tandale, kuna watoto wa kishua wa Masaki walianza kusema wana shangazi yao huku.

Mama alimuuliza yule dalali siku ile, wakati tajiri wake anapima kwa hatua: "Na wewe baba, unaishi wapi?" Akajibu Sinza. Mama akamtazama vizuri. "Wewe si mtoto wa yule muuza mkaa wa hapahapa Tandale kwa Tumbo?" Mdogo wangu anasema jamaa aliomba maji ya kunywa.

Nimemjibu mdogo wangu kwamba hatuuzi kwa sasa, kwa sababu hata tungetaka hatuwezi: nyumba bado iko kwa jina la baba, na baba tumemzika miaka 11 iliyopita. Mimi mwenyewe, mtoa ushauri, sijafungua mirathi. Kikao ni Jumamosi, cheti cha kifo kiko kwa shangazi Mbagala, na jirani amesema naye atakuja na karatasi zake tuziangalie kwa pamoja.