Kuhusu ile faulo ya Chris Jones
Ndugu yangu, kusema NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, inawalinda makwotabeki (wale warushaji wa mpira) kwa ajili ya pesa tu, hapo umezidisha. Mwaka 2017 kwotabeki Aaron Rodgers aliangushwa na Anthony Barr, mtulinga ukavunjika. Msimu uliofuata marefa wakaambiwa wakaze kamba: marufuku kumlalia mrushaji kwa uzito wako wote. Sababu ipo, na mimi naiunga mkono.

Ila kwa Jones, mlinzi wa Kansas City, umesema kweli tupu: aliadhibiwa bila kosa. Oktoba 2022, kampokonya kwotabeki Derek Carr mpira, anaanguka nao mkononi, tena mkono wa pili kautanguliza chini ili asimlemee mwenzake. Kibendera cha njano hicho, eti faulo! Mtu wa kilo zaidi ya 130 akishajirusha, mnataka aelee hewani? Na jana yake tu Grady Jarrett wa Atlanta alikuwa kaadhibiwa kwa kumwangusha Tom Brady, kwotabeki wa Tampa Bay, kawaida kabisa. Tampa Bay wakapewa yadi 15 na nafasi mpya ya kushambulia, wakala muda, mechi kwisha.

Kinachoniudhi ni kwamba siku zile faulo hiyo haikukaguliwa kwa video. Kidole cha mguu kikigusa mstari, watu wanatazama marudio mpaka unachoka. Uamuzi unaoua mechi, basi. Najua 2019 walijaribu kukagua kwa video faulo za kumzuia mpokeaji asidake mpira, wakaacha baada ya msimu mmoja, lakini hii ni rahisi zaidi: uzito umemwangukia au haukumwangukia?