Kutoboa zege kwa biti ya almasi: kazi kubwa iko kabla ya swichi

Mteja akiniita nikamtobolee slabu, kinachomkera kwanza ni kwamba sianzi. Fundi bomba anasubiri na mabomba yake ya inchi nne, na mimi bado nazunguka: napanda, nashuka, nauliza michoro, nagonga sakafu kwa nyundo. Namwelewa. Lakini katika miaka yote ya kazi hii Dar es Salaam, kwenye maghorofa ya Kariakoo na Upanga na kwenye nyumba za watu kule Mbezi na Tegeta, ajali nilizoziona na nilizosimuliwa na mafundi wenzangu zilikuwa zimeshaandaliwa kabla mashine haijawashwa. Stendi ilifungwa ovyo, au hakuna aliyekwenda kuangalia chini, au umeme ulivutwa kwa waya wa kuungaunga. Nawaandikia vijana wanaoingia kwenye kazi hii, na hasa saidia fundi, maana wao ndio huumia kwanza.

Mashine yenyewe haina mengi. Kuna mota, kuna stendi yenye mlingoti na mkono wa kushushia, na kuna biti, ambayo ni bomba la chuma lenye meno mdomoni. Meno hayo yana chembe za almasi zilizochanganywa na unga wa metali. Wateja wengi huniuliza kama ni almasi ya mgodi wa Mwadui, kule Shinyanga. Siyo. Karibu zote ni almasi za kiwandani. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza mwaka 1955 kwamba imeweza kuzitengeneza, na hizo ndizo zimefanya biti hizi zipatikane kwa bei ambayo fundi anaweza kuimudu.

Hatari ya kwanza ni kusokotwa. Biti ikikwama ghafla kwenye nondo, mota bado inataka kuzunguka. Kama zege limeishika biti, kitakachozunguka ni mashine pamoja na mikono iliyoishika. Klachi ya mashine husaidia, ila klachi iliyochakaa huchelewa kuachia, na mkono huvunjika kwa muda mfupi kuliko huo. Mashine za kushika mkononi zipo na kwa ukuta wa tofali zinafaa. Kwenye zege lenye nondo mimi nafunga stendi, hata kama ni tundu moja tu na mteja ananiangalia saa.

Kabla ya stendi, nataka kujua kilichomo ndani ya zege. Naomba michoro ya mhandisi. Mara nyingi haipo, basi napitisha skana ya nondo na kuchora kwa chaki kila mahali inapolia. Mara nyingi kusogeza tundu sentimita tano kunatosha kuikwepa nondo, na fundi bomba hana shida na sentimita tano ukimwambia mapema. Tundu likiangukia kwenye boriti au nguzo, sitoboi mpaka mhandisi aandike na kutia sahihi. Kunipigia simu na kusema "toboa tu" hakutoshi. Kwenye baadhi ya majengo mapya makubwa kuna slabu zilizofungwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa sana. Ukiukata waya kama huo, nguvu yote iliyofungiwa humo inaachiwa kwa mkupuo mmoja, na slabu inapoteza sehemu ya uwezo wake wa kubeba. Hapo hakuna kukisia. Ama mhandisi anakuonyesha nyaya zinapopita, ama unakusanya vifaa vyako.

Baada ya hapo nashuka ghorofa ya chini. Dari ya jipsamu huficha nyaya za umeme, mabomba ya maji na mifereji ya viyoyozi. Nafungua kipande nichungulie. Umeme wa eneo hilo unazimwa kwenye sakiti breka na maji yanafungwa. Kisha nafikiria gogo, yaani kile kipande cha zege kitakachotoka ndani ya biti. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Tundu la milimita 200 kwenye slabu yenye unene wa milimita 200 linatoa gogo la kilo 15 hivi. La milimita 300 kwenye slabu ya milimita 250 linapita kilo 40. Likidondoka mita tatu linafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 25 kwa saa, na halitoi onyo lolote. Kwa hiyo chini naegemeza ubao juu ya mirunda, nafunga utepe, na naweka mtu. Nasisitiza mtu, kwa sababu utepe watu wanauruka. Nimewahi kumwona mama lishe akipita chini ya utepe na sinia la chakula kichwani, akiwahi wateja wake, na aliyemzuia ni kijana niliyemweka pale.

Sasa stendi, na hapa naomba msomaji atulie. Stendi inashikiliwa na nanga moja, yaani kile kibomba cha chuma kinachogongewa kwenye tundu kikatanuka na kushika bolti, kwa hiyo nanga hiyo ndiyo kila kitu. Tundu lake litobolewe kwa kipenyo na kina alichoandika mtengenezaji wa nanga. Kwa bolti ya milimita 12 mara nyingi ni tundu la 15 au 16. Vumbi lote lipulizwe nje kwa pampu ndogo, maana nanga iliyokaa juu ya vumbi haing'ati. Igongee kwa kifaa chake mpaka itanuke vizuri.

Kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye vitabu vya mashine, na kwetu ni la kila siku. Sakafu zetu nyingi zina tailizi, chini ya tailizi kuna mchanga na saruji, wakati mwingine sentimita tano au zaidi, ndipo lianze zege lenyewe. Nanga ya sentimita tano inaweza kuishia yote kwenye ule mchanga na saruji. Ukiivuta kwa mkono utaona imeshika, lakini biti ikigusa nondo inang'oka na tailizi yake. Unapotoboa tundu la nanga, sikiliza drili na usikie mkono wako: kwenye mchanga inaingia bila kubishana, ikifika kwenye zege sauti inabadilika na mwendo unapungua. Kama nanga nzima haiwezi kukaa chini ya hapo, bandua tailizi na chimba ufike kwenye zege. Mteja atalalamika kuhusu tailizi moja. Avumilie.

Ukuta wa tofali za saruji hauwezi kushika nanga ya aina hii. Hapo napitisha stadi ndefu, yaani chuma chenye hesi, mpaka upande wa pili, naweka bamba la chuma na nati, nakaza. Zile stendi za kunyonya kwa pampu ya hewa zinafaa tu kwenye sakafu laini isiyopitisha hewa. Ukutani sizitegemei peke yake, na kwenye dari sizitumii kabisa.

Bolti ikishakazwa, zile skrubu nne za kusawazisha zinashushwa mpaka zikae imara kwenye zege, pimamaji ikiwa kwenye mlingoti. Zisibanwe kupita kiasi, kwa sababu skrubu zinazoinua stendi ndizo zinazoing'oa nanga. Kisha, kabla ya kupachika mota, nashika mlingoti juu kabisa nausukuma na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Ukicheza hata kidogo, nafungua na kuanza upya. Mota yenyewe ina kilo kumi na zaidi, kwa hiyo kibebeo kinachopanda na kushuka kwenye mlingoti kifungwe kwa kufuli yake kabla ya kuiweka, isije ikateleza ikakubana vidole.

Umeme na maji vikikutana mahali pamoja, fundi hana nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Kwenye waya wa mashine kuna kikatio kidogo chenye kitufe cha kujaribia. Kazi yake ni kukata umeme ukianza kuvuja kiasi kidogo sana, kawaida miliampia 10, kabla haujafika moyoni mwako. Kibonyeze kila unapoanza kazi. Kisipokata, mashine haitumiki siku hiyo. Nimekutana na mashine ambazo kikatio kimeondolewa na kuwekwa plagi ya kawaida kwa sababu "kinasumbua". Kinachosumbua ni uvujaji, na kikatio ndicho kinachokuambia upo. Kwenye saiti zinazotumia jenereta, mwite fundi umeme ahakikishe nyuti (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa ardhini) zimeungwa sawasawa, kwa sababu jenereta isiyofungwa vizuri inaweza kumfanya huyo mlinzi wako asione kitu. Mashine ya wati 3,000 kwa volti 230 inavuta ampia 13, basi waya wa ekstensheni uwe mnene, wa milimita 2.5 za mraba, na ukunjuliwe wote. Viungio viinuliwe kutoka kwenye maji. Kutoboa kuelekea juu ni hatari zaidi kwa sababu maji yanarudi kwenye mota. Hapo ni lazima kuwe na kikombe cha kukinga maji kinachofyonzwa, na mimi nikiweza kutobolea upande wa juu natobolea huko.

Mwendo wa biti una hesabu ndogo ninayowafundisha vijana wote: gawa 60,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Biti ya 50 inapata mizunguko 1,200 kwa dakika, ya 100 inapata 600, ya 200 inapata 300. Hivyo mdomo wa biti unakwenda kama mita 3 kwa sekunde, mwendo unaofaa kwa zege lenye nondo. Chagua gia iliyo karibu na namba hiyo, na kibao cha mashine kikisema tofauti, fuata kibao.

Kuna pia suala la kokoto. Zege la kokoto za Lugoba ni gumu na linahitaji biti yenye metali laini, ili metali ilike na almasi mpya zitokeze. Zege lenye mawe ya chokaa ya huku pwani ni laini zaidi na linakwaruza biti, linataka metali ngumu isiyoisha haraka. Ukitumia biti yenye metali ngumu kwenye zege gumu, au ukiigusisha zege bila kuikandamiza, meno yanang'aa na hayakati tena. Vijana wengi hapo huegemea mkono wa kushushia kwa uzito wote wa mwili, na huko ndiko kunakong'oa nanga. Badala yake toa biti, toboa nayo tofali la mchanga kidogo, meno yatakwaruzika na almasi zitaonekana.

Ukiwasha, anza polepole mpaka meno yote yaingie kama sentimita moja. Baada ya hapo macho yako yawe kwenye maji yanayotoka. Maji kama lita mbili kwa dakika yanatosha biti nyingi, na yanapaswa kutoka yakiwa ya kijivu kama uji mwepesi. Yakiwa mazito, ongeza. Yakitoka meupe masafi huku biti haishuki, meno yameng'aa. Ukiona chembe zinazometameta, umefika kwenye nondo: punguza mwendo, kandamiza kwa utulivu, iache ikate. Na maji yakipotea ghafla, zima. Yamepata pa kwenda, na huenda ni bomba la nyaya au uwazi ambao skana haikuuona.

Biti ikikwama, zima na uchomoe plagi ukutani. Ishike kwa spana uizungushe kwenda na kurudi mpaka iachie. Usijaribu kuikwamua kwa kuwasha na kuzima mota. Mara nyingi kilichobana ni kipande cha nondo kilichokatika kikajipenyeza kando, na kila unapowasha unakipigilia zaidi. Gogo likiganda ndani ya biti, gonga ubavu wa bomba kwa kipande cha mbao, usiguse meno kwa nyundo.

Mavazi: miwani, kinga ya masikio, gambuti, helmeti. Glovu pana na mikono ya shati inayopepea vikae mbali na kitu chochote kinachozunguka. Tope la zege ni kali kama chokaa, linachoma ngozi taratibu bila wewe kujua, kwa hiyo nawa mara moja. Likikauka linakuwa vumbi lenye silika, lile lile ambalo maji yalikukinga nalo wakati wa kutoboa, na likiingia mapafuni miaka mingi halitoki. Likusanye likiwa bichi, kwenye ndoo, na usilimwage kwenye sinki wala mtaro, linaganda humo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Saidia fundi anayeambiwa aje na miwani yake mwenyewe ana haki ya kuuliza.

Tundu likishapita, linazibwa palepale. Tundu la milimita 200 lililoachwa wazi kwenye sakafu yenye vumbi linameza mguu wa mtu mzima na nyundo ya mtu anayepita. Naweka plaiwudi, naipigilia misumari ya zege isisogezwe na mtu, naandika TUNDU CHINI kwa rangi nyekundu. Baada ya hapo ndipo nafungua stendi na kukunja nyaya, na yule kijana aliyesimama ghorofa ya chini anaruhusiwa kutoa utepe.