Maswali ya Wasomaji: Jiwe la Bandia Kwenye Jiji la Mchanga

Jiokashi ni msako wa hazina kwa jipiesi (GPS), mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Mtu huficha chombo chenye daftari na kutangaza latitudo na longitudo ya mahali. Wengine huja na simu zao, na anayekipata hutia sahihi na kukirudisha palepale. Mchezo ulianzia Marekani mwaka 2000. Mapema mwezi Mei serikali ya huko iliondoa kosa la makusudi lililokuwa likipotosha vipimo vya jipiesi kwa raia, na tarehe 3 Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Siku hizi vyombo vingi ni vidogo na vimevishwa sura ya kitu cha kawaida. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza sura moja: jiwe.

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, naishi Kigamboni. Rafiki yangu ameniruhusu kuficha hazina kwenye bustani ya nyumba yake ya wageni, penye mawe ya matumbawe. Nataka kutengeneza jiwe la simenti linalofanana nayo. Nianzie wapi, na vipimo ni vipi?
*Mstaafu, Kigamboni*

Shikamoo mzee. Anzia kwenye chombo cha ndani, jiwe lifuate. Tafuta kichupa cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, cha mililita 100 hadi 200. Wengi wanakosea kwa kukizika kichupa ndani ya simenti moja kwa moja. Simenti haishikani na plastiki, kwa hiyo baada ya wiki chache unabaki mwanya ambao maji hukaa humo. Kibaya zaidi, kifuniko kikipasuka huwezi kubadilisha kichupa bila kuvunja jiwe. Jiwe liwe ganda tu, na kichupa kiingie na kutoka.

Juu ya ubao tengeneza kichuguu cha mchanga mbichi, urefu sentimita 17, upana 12, kimo 8, ukishindilie vizuri. Hilo ndilo umbo la uwazi wa ndani. Lifunike kwa nailoni. Chekecha mchanga wa mto, kilo moja, uchanganye na nusu kilo ya simenti na takriban robo lita ya maji. Maji yaongeze kidogo kidogo: udongo uwe mzito wa kusimama kwenye mwiko bila kuporomoka. Ukitaka rangi ya kijivu iliyokolea, tia gramu 15 za oksaidi nyeusi, yaani rangi ya unga ya simenti, kwenye simenti ingali kavu. Usizidishe, maana oksaidi ikifika sehemu ya kumi ya uzito wa simenti huanza kulidhoofisha ganda.

Paka tabaka jembamba, lalisha kipande cha nyavu kuukuu ya nailoni, kisha funika kwa tabaka la pili hadi unene ufike sentimita moja na nusu. Tunasema nyavu na si waya wa kuku kwa sababu hewa ya pwani ina chumvi. Waya hushika kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni usiuchote. Kabla udongo haujakaza, pitisha kamba mbili fupi za nailoni upande wa ndani ili zibaki kama vitanzi. Kichupa kitafungwa hapo kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Sasa yale matundu ya matumbawe. Chukua chumvi ya mabonge, ikandamize juu ya udongo ungali laini, mabonge makubwa na madogo bila mpangilio. Jiwe likishakauka osha kwa maji mengi na brashi. Chumvi itayeyuka na kuacha mashimo yanayofanana kabisa na jiwe la pwani. Hii ni faida nyingine ya nyavu ya nailoni: haiiogopi chumvi. Usijaribu kutumia sukari badala yake, maana sukari huzuia simenti isigande.

Acha saa 24, toa mchanga wa ndani, kisha funika ganda kwa gunia bichi na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba. Anayeruka hatua hii hupata jiwe linalomeguka kingo. Likikauka utakuwa na jiwe la kilo moja na nusu hivi, zito kiasi cha kuaminika mkononi.

Rangi ni kazi ya jioni moja. Jiwe la matumbawe likiwa juani na mvuani huwa jeusi-kijivu kwa nje. Weupe uko ndani. Chukua rangi ya maji isiyong'aa, nyeusi, izimue kwa maji mara tano, uipake yote kisha uipanguse haraka kwa sponji ili ibaki mashimoni tu. Halafu gusa ncha kwa kijivu cheupe. Rangi ya mafuta inang'aa, na jiwe linalong'aa huonekana hatua ishirini. Ukiona unga mweupe juu ya jiwe baada ya mvua ya kwanza, usishtuke: ni chumvi za simenti zinazotoka. Sugua kwa brashi kavu.

Nimeficha mawe mawili mtaani kwetu, ya kununua, mazuri sana. La kwanza lilikaa wiki tatu, la pili siku tano. Nani anaiba jiwe?
*Msomaji, Mikocheni*

Pole sana. Hakuna mwizi hapo. Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na mtaani jiwe halilali bure. Mama lishe anatafuta figa la tatu. Dereva wa bajaji anatafuta cha kuzuia gurudumu. Mwenye kibanda anataka uzito wa kukandamizia bati. Watoto wanatafuta magoli. Masika yakianza kila mtu anatafuta cha kujazia dimbwi mlangoni. Jiwe lako lilikuwa na ukubwa wa tofali dogo, bapa juu na chini, peke yake kando ya njia. Limeitwa kazini kama jiwe.

Maelekezo mengi ya mchezo huu yameandikwa kwa nchi zenye mawe kila kona, ambako jiwe moja zaidi halimshughulishi mtu. Huku, swali la kwanza si kama jiwe lako linafanana na jiwe. Swali ni kama pale mahali pana mawe ambayo tayari yameachwa. Tembea hapo asubuhi na jioni, hesabu mawe yaliyolala, rudi baada ya wiki mbili uhesabu tena. Yaliyobaki ndiyo ya kuiga: umbo lake, rangi yake, ukubwa wake. Kama hakuna lililobaki, pahali hapo hapataki jiwe, hata lichongwe vizuri vipi.

Mawe yanayobaki huwa ya aina chache. Yapo yaliyochongoka juu yasiyokalika wala kubeba sufuria, yapo madogo kuliko ngumi, na yapo yaliyobanwa kati ya mizizi ya mwembe au mkungu. Mengine yamepangwa na mwenyewe kwenye ukingo wa bustani. Hili la mwisho ndilo bora zaidi jijini, kwa kuwa lina mlinzi: bustani ya mtu aliyekuruhusu. Tengeneza jiwe lenye ncha, lisilokaa sawa likigeuzwa, kisha lifunge kwa kamba nyembamba ya nailoni kwenye mzizi, fundo likiwa chini. Anayeliinua bila kujua atahisi limekwama na ataliacha.

Na usiling'ang'anie jiwe. Penye kuta za matofali, kipande cha tofali la simenti kilichovunjika hujificha vizuri zaidi kuliko mwamba. Ni mchanganyiko uleule, ila mchanga uwe mkubwa zaidi na pande mbili ziwe zimenyooka. Kipande hicho kiwe kidogo, kisitamanike kwa kujazia dimbwi.

Daftari linalowa kila mara ingawa jiwe halijapasuka. Nimejaribu kuziba chini kwa silikoni, hali imekuwa mbaya zaidi.
*Msomaji, Sinza*

Bandua hiyo silikoni. Ganda la simenti hupitisha unyevu, na ukiziba chini unyevu unaoingia hauna pa kutokea. Jua la saa saba linalipasha jiwe, maji yanageuka mvuke; usiku linapoa na mvuke unakuwa matone juu ya kichupa. Chini paachwe wazi, na jiwe likae juu ya kokoto tatu ndogo ili hewa ipite na maji yatiririke. Lisilale kwenye mchanga mtupu.

Anayetakiwa kuzuia maji ni kichupa peke yake. Kijaribu kabla: weka karatasi kavu ndani, kizamishe kwenye ndoo kwa usiku mzima ukikiwekea uzito, na asubuhi uangalie. Kilicho bora kwa hazina ndogo ni kile kichupa kinene ambacho kiwandani hupashwa moto na kupulizwa kikawa chupa ya soda. Ukuta wake ni mnene na kifuniko ni cha chupa ya kawaida. Daftari lake ni ukanda wa karatasi uliosokotwa. Kifuniko kinacholia "tap" kwa kubonyeza usikiamini. Mchanga ukiingia kwenye ukingo wake hakifungi tena.

Ndani weka kifuko kimoja cha chembe za kunyonya unyevu, kama vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, ukibadilishe kila masika na kila vuli. Weka penseli, si kalamu ya wino. Wino hutapakaa kwenye unyevu wa Dar. Hazina isitegemee mfuko wa plastiki: hutoboka mapema, na nchi hii inapunguza plastiki za namna hiyo tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Je, foamu ya kupuliza iliyopakwa rangi inafaa? Ni rahisi kuchonga.
*Msomaji, Magomeni*

Kwa kona kavu iliyo chini ya paa, ndiyo. Kwa mtu anayeishi karibu na bonde la Msimbazi, hapana. Jiwe la foamu huelea, na mvua moja ya Aprili italipeleka kusikojulikana. Juani foamu isiyofunikwa hugeuka njano na kumeguka kama unga, na sisimizi hupenda kutoboa viota ndani yake. Ukishaichonga, ivishe gundi ya epoksi, unyunyize mchanga ingali inanata, urudie mara mbili.

Nataka kuanzisha mchezo huu na wanafunzi wa darasa la sita. Nahofia wazazi wakisikia watoto wanatafuta vitu vilivyofichwa chini ya mawe, watafikiri ushirikina. Pia nahofia polisi.
*Mwalimu, Temeke*

Mwalimu, hofu zote mbili zina msingi. Mtu akiinua jiwe akute kichupa chenye karatasi ya majina, shanga na sarafu, hawezi kujua ni mchezo. Kichupa kiwe cheupe kinachoonyesha ndani, na karatasi ya kwanza ionekane bila kufunguliwa, kwa Kiswahili, herufi kubwa: HUU NI MCHEZO WA KUTAFUTA KWA SIMU. HAKUNA KITU CHA HATARI. TAFADHALI RUDISHA. Chini yake andika jina la shule na namba ya ofisi. Usiweke vyakula wala pipi, maana siafu watafika kabla ya watoto.

Ruhusa ipatikane kwa anayesimamia ardhi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aarifiwe hata pale ambapo si lazima. Kaa mbali kabisa na kambi za jeshi, bandari, balozi, reli, madaraja na uwanja wa ndege. Makaburi na magofu, yakiwemo ya Kunduchi, usiyaguse: jiwe la bandia kati ya mawe ya kale huwafanya watafutaji wayageuze yale ya kweli. Kanuni za mchezo hukataa kuchimba bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na hutaka hazina moja iwe angalau mita 161 kutoka kwa nyingine. Kwa uwanja wa shule mnaweza kujiwekea umbali wenu, mradi hamtatangaza kwenye tovuti.

Na wafundishe watoto kuinua jiwe kwa fimbo, upande wa mbali ukianza kunyanyuka, ili tandu au nge atoke kwa upande usio na miguu yao.

Naweza kuchukua bonge la tumbawe halisi kisiwani na kulitoboa?
*Msomaji, Msasani*

Hapana. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na kutoa matumbawe humo ni kosa. Ukificha ufukweni penginepo, weka juu ya mstari wa mwani ulioachwa na bamvua, yaani maji yanapojaa sana, si ule wa maji mafu yanayojaa kidogo. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita tatu.

Nimetangaza jiwe langu, lakini ramani inalionyesha katikati ya bahari, kaskazini ya Dar. Simu yangu ni mbovu?
*Msomaji, Upanga*

Simu ni nzima. Umechanganya namna mbili za kuandika. Tovuti za mchezo hutumia digrii na dakika, kwa mfano S 6° 48.966'. Ukiziandika tarakimu hizo kama digrii 6.48966, jiwe linasogea kilomita 36 kaskazini. Kwa digrii tupu, mahali hapo ni 6.8161. Gawa dakika kwa 60, kisha jumlisha na digrii. Usisahau S pia: ukiiacha, jiwe la Upanga linahamia Ethiopia.

Ukishasahihisha, rudi penye jiwe kwa siku tatu tofauti, uiache simu imetulia juu yake dakika tano kila mara, kisha chukua wastani. Tarakimu ya mwisho ya dakika ni kama mita mbili ardhini, na majengo marefu ya Upanga hurudisha mawimbi ya jipiesi, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kukosea mita kumi na zaidi. Kwa jiwe linalofanana na mawe ya jirani, mita kumi ni mawe mengi ya kugeuza.