Waliotoka chini mbona nao wanageuka wakatili?

Mambo mkuu. Umeuliza kuhusu The Platform, ile filamu ya Hispania ya 2019 ya jela ya ghorofa nyingi ambamo meza moja ya chakula inashuka kutoka juu na wa chini wanakula mabaki, kwa nini mtu aliyekufa njaa chini akipandishwa juu naye anafakamia na kuwachafulia wenzake msosi, na kama filamu inasema binadamu ni wabaya basi. Mi naona kabla hujahukumu watu anza na sheria za jengo. Kila mwezi wanahamishwa ghorofa bila kujua wataamkia wapi, na ukificha chakula chumba kinapandishwa joto au baridi ya kuua, sasa hapo akiba unaweka wapi, si unakula kama dunia inaisha leo.

Halafu rudia pale Imoguiri, yule mama anayekaa chumba kimoja na mhusika mkuu Goreng, anawabembeleza wa chini yao ili wale kwa kiasi, kila siku wanampuuza, Goreng akitishia kupaka kinyesi kwenye chakula ndo wanatii fasta! Hapo ndo pagumu, maana wema umepita kwa vitisho, na vitisho vyenyewe vinashuka tu, wa juu huwezi kumtisha, Goreng mwenyewe anakiri. Ila ile ya mwishoni, mtoto anayekutwa chini kabisa anapandishwa juu kama ujumbe, hainishawishi, naona wamelikwepa swali.