Dogo, liweke chini hilo galoni la asidi

Wadogo zetu mnaoingia kwenye kazi ya mawe, hebu tuelewane. Kila mwaka ni yale yale: sakafu ina utando mweupe wa grauti (ule ujiuji wa saruji wa kujazia viungo vya vigae) ya siku nyingi, mwenye nyumba kachoka kuutazama, kijana anafika saiti na ufagio mgumu, galoni la asidi ya kusafishia choo, na ujasiri wote alioupata kwenye tailizi za kauri. Jioni simu zinaanza kulia.

1. Lijue jiwe. Hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza. Mtaani "marumaru" ni tailizi yoyote, hata ya kauri ya dukani. Kijana ameosha "marumaru" kwa asidi mwaka mzima, haikutokea kitu. Siku akipelekwa kwenye marumaru yenyewe, jiwe la mlimani, anafanya vilevile. Chukua kipande kilichobaki, au kona iliyojificha nyuma ya mlango, dondoshea tone la ndimu. Subiri dakika tano, futa, kausha. Mng'aro ukififia, hilo ni jiwe la chokaa: marumaru, travatini, matumbawe. Graniti haitashtuka, lakini usishangilie, maana graniti zingine zina chuma ndani na asidi kali huzigeuza rangi ya kutu.

2. Ujue na uchafu. Kwaruza kidogo kwa wembe. Ukitoka unga mweupe, ni saruji. Kikitoka kitu kama plastiki kinachojikunja, hiyo ni grauti ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji, na hapo kinachotakiwa ni dawa ya jeli ya kulainisha epoksi au joto la taratibu. Utando ukiondoka kwa maji matupu halafu ukarudi baada ya wiki, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka chini. Tafuta maji yanakotokea kwanza.

3. Asidi. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hili kosa tumelifanya wengi, na wazee wanaojifanya hawalijui ndio wanaolijua zaidi.

Asidi huondoa grauti kwa kuila chokaa iliyomo. Marumaru nayo ni chokaa tupu. Asidi haina macho ya kusema hii grauti, hili jiwe, niliache. Mapango ya Amboni kule Tanga yamechimbwa na maji yenye asidi dhaifu mno, yaliyopita kwenye mawe ya chokaa kwa karne na karne. Wewe umekuja na ya galoni.

Tazama linavyotokea. Ukimwaga tu, unasikia mchemko mwembamba, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na vipovu vinajipanga juu ya jiwe. Kijana anafurahi: "Inafanya kazi!" Inafanya kweli, hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye jiwe lenyewe. Anasuuza, sakafu ikiwa mbichi inapendeza, kwa sababu maji yanajaza vile vishimo na kuvificha. Inapoanza kukauka, inajitokeza ramani nzima: pale alipomwaga, pale ilipotiririka, hata mistari ya ufagio. Kila alama ni nyeupe, imefifia.

Sasa ndipo msiba wenyewe unapoingia. Jiwe lililoliwa linafanana sana na jiwe lenye utando wa grauti. Kijana anaangalia weupe ule, anasema bado haijatoka, anamwaga mara ya pili. Na ya tatu. Wakati huo utando ulishaondoka zamani, sasa anachimba. Grauti ya kwenye viungo nayo inalegea, mvuke unapanda kwenye bomba za chuma cha kung'aa, na asubuhi zina madoa ya kutu. Wembe ungemwokoa: pitisha kwenye ule weupe, usipotoa unga wowote, hakuna grauti hapo. Ni jeraha.

Ikishatokea, mwagia maji ya magadi ya kuokea, vijiko vinne vya chakula kwa lita kumi, suuza mara mbili. Tafadhali usikimbilie jiki: ikikutana na asidi inatoa hewa ya klorini, na hiyo inaua. Kisha ni msasa wa almasi na maji: 400, 800, 1500, 3000, halafu unga wa kung'arishia. Usipande namba kabla mikwaruzo ya iliyotangulia haijaisha, na piga kigae kizima ukingo hadi ukingo, kwani ukisugua doa tu utaacha bonde kama kisahani. Grenda ya kawaida iache kwenye begi. Inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, itachoma jiwe.

Na siki ya jikoni pia ni asidi. "Ni ya asili" haiisaidii marumaru.

4. Njia yenyewe. Fagia mchanga wote. Chukua mita moja ya mraba kwa wakati, lowesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na asidi, acha dakika 15 hadi 20 bila kukauka. Sugua kwa pedi nyeupe ya nailoni. Ile ya kijani ya masufuria ina chembe za kukwaruza, ibaki jikoni. Madonge yatoe kwa kipande cha mti au skrepa ya plastiki. Kwenye jiwe laini lililong'arishwa tumia wembe mpya, jiwe likiwa limelowa, ulale kama nyuzi 30, sukuma mbele tu. Ukiurudisha nyuma, chembe iliyonaswa chini yake itachora. Wembe ukipata pengo, tupa. Tope liondoe likiwa bichi, la sivyo umetengeneza utando mpya. Ndoo mbili, maji yabadilishwe kabla hayajawa maziwa.

5. Mawe yenye mabonde, kama sleti au jiwe la mchanga la Mazeras kule pwani ya Kenya, yanataka brashi ya shaba na subira. Brashi ya chuma huacha chembe zinazoota kutu, na hapo mtu anaanza kuilaumu Mazeras kwamba "ni jiwe baya", wakati jiwe halina kosa. Travatini usiichokonoe mashimo yote. Mengi yalijazwa kwa makusudi kiwandani.

6. Safari ijayo, paka dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe kabla ya grauti, na viungo vya chini ya milimita tatu kwenye marumaru vitie grauti isiyo na mchanga.

7. Kabla ya kumwita mwenye nyumba, laza tochi sakafuni umulike kwa upande. Taa ya juu huficha. Jua la saa kumi na moja likiingia dirishani halifichi kitu, na yeye ndiyo saa anayorudi nyumbani.