Usikae Kwenye Kitufe cha Kijani: Jibu kwa Dada wa Dayton

Juma lililopita dada mmoja anayeishi hapahapa Dayton, Ohio, aliniandikia WhatsApp. Ananiita kaka, ingawa nadhani amenizidi umri, nami nimeipokea heshima hiyo bila ubishi. Ujumbe wake ni mrefu, naufupisha. Tangu afike Marekani amefanya kazi ya ghala usiku, mgongo umechoka, na kila anayekutana naye kanisani anamwambia viwanda vimerudi Dayton. Sasa wakala wa ajira amempa nafasi kwenye kampani ya kukata vyuma. Ana maswali matatu: mwanamke anaiweza kazi hiyo? Roboti hazitaichukua kesho kutwa? Na bila gari atafikaje?

Namjibu hadharani kwa sababu maswali haya naletewa na wengi, na kwa sababu mwezi huu nimepewa kuongoza zamu ya pili kwenye karakana yetu. Kwa hiyo leo nina haki ya kujisifu kidogo. Mwenye kuchukia asome kwanza, halafu achukie akiwa na habari kamili.

Tuanze na huko "kurudi" kwenyewe, maana wengi wetu tulishushwa hapa na ndege bila kuambiwa tumeingia nyumba ya nani. Dayton ni mji wa mafundi. Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka lao la baiskeli hapa kabla ya kuirusha ndege yao mwaka 1903. NCR ilianza hapa mwaka 1884 kutengeneza mashine za kupokelea fedha madukani. Charles Kettering alibuni hapa kiwashio cha umeme kilichofungwa kwenye Cadillac za 1912, watu wakaacha kuzungusha injini kwa mkono. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu zaidi ya 262,000. Sensa ya 2020 ilikuta 137,000 na ushee. Nyumba tupu mnazozipita West Dayton mkishangaa, maelezo yake ni hayo.

Pigo lililowauma zaidi lilikuja tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi, General Motors ilipotoa gari la mwisho kwenye kiwanda cha Moraine, kusini tu ya mji. Juni iliyofuata NCR nayo ikatangaza kuhamia Georgia, baada ya miaka 125. Baba wa watu amefanya kazi sehemu moja maisha yake yote, anaamka hana pa kwenda. Sisi tuliotoka Kivu tunajua kuamka huna pa kwenda, lakini wao hawakuwa wamezoea.

Mwaka 2011 halmashauri ya mji ikapitisha mpango ulioitwa Welcome Dayton, wa kuwakaribisha wahamiaji waziwazi, wakati majimbo mengine yalikuwa yakitunga sheria za kuwafukuza. Mwaka 2014 tajiri wa Kichina, Cao Dewang, kupitia kampuni yake ya Fuyao akanunua sehemu kubwa ya lile jengo la General Motors la Moraine, akaweka mitambo ya kutengeneza vioo vya magari. Baadaye waliajiriwa watu zaidi ya 2,000. Magazeti yakaandika kwamba Dayton imefufuka, na kweli taa ziliwaka. Ila baadhi ya waliokuwa wakilipwa karibu dola 29 kwa saa enzi za General Motors walirudi chini ya paa lilelile kwa chini ya nusu yake. Novemba 2017 wafanyakazi wakapiga kura ya kuingiza UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari: 444 wakasema ndiyo, 868 wakasema hapana. Mimi sikufanya kazi pale, sina la kumshtaki mtu. Nasema tu kwamba kiwanda kurudi na mshahara kurudi ni mambo mawili.

Kisha zikafuata habari nyingine. Honda, ambao wameunda magari Marysville tangu 1982, mwaka 2022 walitangaza pamoja na LG kiwanda cha betri karibu na Jeffersonville, cha dola bilioni 3.5 na ajira 2,200. Septemba 2023 kampuni ya Joby ikasema itaunda ndege zake za umeme kwenye uwanja wa ndege wa Dayton, hadi 500 kwa mwaka. Nazipokea ahadi hizi kwa tahadhari. Sijawahi kulipa kodi ya nyumba kwa ahadi.

Na dada yangu, hesabu yenyewe ni hii: mwaka 2000 Ohio ilikuwa na ajira za viwandani zaidi ya milioni 1. Leo hazifiki 700,000, hata baada ya ufufuo wote huo. Bidhaa zinatoka, mikono imepungua. Ukielewa hapo umeelewa kwa nini nakuandikia.

Mimi nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Shule za Wakongo kambini zilifuata mtaala wa kwetu, kwa Kifaransa, kwa hiyo nilifika Marekani nikijua milimita, nikijua desimali inaandikwa kwa koma, na Kiingereza cha kuombea maji. Wakala akanipeleka kwenye kampani ambayo sitaitaja. Kazi: fungua mlango wa mashine, toa kipande, weka kingine, funga, bonyeza kitufe cha kijani. Saa kumi na mbili. Ukiuliza mashine inafanya nini humo ndani, unaambiwa hiyo si kazi yako.

Siku moja pakabandikwa tangazo ukutani: nani anataka kujifunza kuseti mashine, yaani kuiandaa kabla haijaanza kukata? Nikaandika jina langu, nikiwa wa kwanza. Supavaiza akanijibu mbele ya wenzangu kwamba nafasi ile inataka mtu anayeeleweka akizungumza. Watu wakacheka. Mmoja wa waliocheka alikuwa Mkongo mwenzangu, na mpaka leo yeye ndiye ninayemkumbuka, kuliko supavaiza. Nafasi akapewa kijana ambaye hakumaliza hata msimu wa baridi. Nasikia siku hizi kampani ile inatafuta maseta kila mahali na haiwapati. Mungu ana vitabu vyake.

Aliyenifungulia macho alikuwa mzee wa Kimarekani, fundi wa kuchonga vifaa aliyepoteza kazi yake siku ile ya Desemba huko Moraine. Hakuwa mtu wa maneno. Wakati wa chakula alikuwa akinisukumia mchoro juu ya meza na maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, ananiambia pima, niambie kama kipande hiki kinapita au kinatupwa. Nikikosea kusoma haniambii nimekosea, ananirudishia tu kipande. Kwake nilijifunza inchi. Mchoro wa hapa haukuambii milimita; unakuambia elfu za inchi, yaani inchi moja iliyogawanywa mara elfu, na unywele wa kichwa chako una unene wa karibu elfu tatu. Michoro mingi inaruhusu kosa la elfu moja tu ya inchi, kuzidi au kupungua.

Nikajiandikisha masomo ya jioni pale Sinclair, chuo cha umma kilichopo katikati ya mji. Nikachukua vyeti vya ufundi wa vyuma vya NIMS, ambavyo karakana za nchi nzima zinavitambua. Miaka ile sina haja ya kuisimulia. Ilikuwa zamu, darasa na kusinzia kwenye basi.

Sasa kuseti ni nini, na kwa nini kunalipa? Mashine ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, inafuata amri zilizoandikwa, lakini ni kipofu. Haijui kipande kimefungwa wapi mpaka uionyeshe sifuri yake, mahali pa kuanzia kuhesabu. Haijui kisu kina urefu gani mpaka ukipime na kuingiza urefu huo. Haijui kisu kimeanza kulika. Wewe unakata kipande cha kwanza, unakipima kila tundu na kila ukingo, unarekebisha namba, unakata tena. Na chuma nacho ni kiumbe kigumu: aluminiamu ya inchi 10 ikipata joto la nyuzi 10 za Selsiasi zaidi inarefuka kwa zaidi ya elfu mbili za inchi. Umeipima ingali na moto, ukaipitisha, ikipoa mteja anaikataa. Mtu anayelijua hilo kabla kipande hakijaharibika, huyo ndiye anayetafutwa kuanzia Dayton mpaka Cincinnati, kwenye ukanda huu wa barabara ya I-75 ambako hata watengenezaji wa mashine zenyewe wana makao yao ya Marekani: Makino wako Mason, Mazak wako Florence, ng'ambo kidogo ya mto upande wa Kentucky.

Halafu kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Vile vijisu tunavyokatia vimetengenezwa kwa kabaidi ya tungsteni, na kinachoshika chembe zake, kama simenti inavyoshika kokoto, ni kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Yule supavaiza alikuwa akinunua kisanduku kizima cha vijisu vile kila mara, na hakuona cha kujifunza kutoka kwa Mkongo.

Basi majibu. Mwanamke anaiweza? Anaiweza. Kipande kizito kinanyanyuliwa kwa winchi, si kwa mgongo. Kwenye sanduku za ghala unaumia zaidi. Kwetu anayeendesha mashine ya kupimia, ambayo ndiyo inayoamua kipande kiende au kibaki, ni mama wa watoto wanne, na hata mimi mwenye zamu namsubiri anyanyue kichwa.

Roboti? Zimeshakuja, dada, tusidanganyane. Ile kazi niliyoanza nayo, ya kufungua mlango na kubonyeza kijani, kwenye karakana yetu inafanywa na mkono wa roboti, na usiku wa manane unafanya peke yake. Lakini mtu ndiye aliyeuseti. Kwa hiyo ukienda kwa wakala, chukua nafasi hiyo, bonyeza kitufe, lipwa, ila usikae hapo. Omba kuonyeshwa mchoro. Nunua kalipa yako mwenyewe, ile rula ya mataya ya kupimia. Jifunze kupima. Jifunze kuseti. Nimesema kuseti? Nasema tena.

Na omba kampani ikulipie masomo. Jimbo la Ohio lina mpango unaoitwa TechCred tangu 2019: mwajiri akikusomesha cheti cha teknolojia cha muda mfupi, jimbo linamrudishia hadi dola 2,000 kwa cheti. Wengine hawataki kukuambia kwa sababu hujauliza.

Jambo jingine limewakosesha wengi kazi nzuri. Karakana nyingi za hapa hukata vipande vya ndege za kijeshi, kwa kuwa kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson iko mlangoni. Wakala anakuambia "lazima uwe raia", unarudi nyumbani. Sheria ya ITAR inayohusu vipande hivyo haisemi hivyo. Inamkubali raia, mwenye kadi ya kijani, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali. Ziko kazi zinazodai uraia kweli, hasa za ndani ya kambi na zenye siri za serikali. Lakini kwa kipande cha kawaida kwenye karakana ya kawaida, uliza kwa adabu ni sharti lipi hasa, na wakuonyeshe.

Vijana wetu mnaonicheka kwenye magrupu kwamba nimeng'ang'ania mafuta na vumbi la chuma wakati wenzangu wamekopa malori, nanyi nawasalimu. Lori ni kazi halali. Lakini wangapi mmekaa na watoto wenu jioni juma hili? Mnawatumia nyumbani picha mmesimama kando ya lori la benki, mdogo wako Uvira anaamini umemaliza, anaanza kukuomba ya harusi. Tumekuja kwenye mji ulioangushwa ukasimama kwa elimu ya mikono, halafu sisi tunatafuta kila kazi isipokuwa ile yenye elimu. Wazee wetu wanakaa kwenye vikao vya jumuiya kugombea uenyekiti, hakuna hata mmoja anayesimama kusema darasa la Sinclair linaanza lini. Tukilaumu ubaguzi, na upo, mimi ninao ushahidi, tulaumu pia na vikao vyetu.

Kuhusu gari. Ukipata kampani ya Moraine, tazama kwanza ratiba ya mabasi ya RTA, kisha uombe zamu ya kwanza, maana zamu ya pili inatoka karibu na usiku wa manane na hapo usitegemee basi. Ukipangiwa Vandalia au Tipp City, niandikie. Kuna Mrundi mmoja wa zamu yetu anayepita huko kila siku, na gari lake lina nafasi mbili nyuma. Anatoza dola 20 kwa juma, anataka alipwe Jumatatu, na hamsubiri mtu.